Mwaka Tulioogopa Mtoto Kuamka

Tulipotoka makaburini, wanawake wa jumuiya walikuwa wamekwisha kuwasha moto nyuma ya nyumba ya dada yangu mjini Kasulu, na maharage yalikuwa yanatokota kwenye sufuria kubwa ya kuazima. Mmoja wao, mama mwema ambaye sina ubaya naye, alimshika dada bega akamwambia, "Sasa utapumzika, Mama Desi. Umeteseka mno." Dada Evodia alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua. "Nipumzike nini?" akasema. "Sikuwa nimechoka." Kisha akaingia ndani, nami nikamfuata, tukaketi kwenye kitanda cha Desi ambacho godoro lake lilikuwa bado lina bonde la mwili wake. Desi alikuwa karibu kutimiza miaka kumi na sita. Hakuwahi kutamka neno hata moja wala kutembea bila kushikwa, lakini mvua ikipiga bati alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi, na alimtambua mama yake kwa mshindo wa miguu tangu akiwa uani. Wanaoniona leo dukani kwangu Kibondo, nikibishana na wenye malori, hawaamini kwamba niliwahi kuwa mtu wa kutetemeka nikisikia mtoto anajinyoosha kitandani. Niliwahi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mwaka ule Desi alipoanza kuugua ulinikuta na mimba changa.

Nilikuwa nimeolewa miezi michache nyuma na Elia, mwalimu wa shule ya msingi kule Kumsenga, na alikubali niende Kasulu nikamsaidie dada aliyekuwa na mtoto mchanga. Shemeji Gervas alikuwa mnunuzi wa maharage; juma zima yuko Munanila na vijiji vya mpakani, anarudi siku za mwisho wa juma akiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Dada alipanga vyumba viwili kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu aliyekuja kutoka Ujiji na mume wake wa duka la vitambaa, akabaki hata baada ya mume kufariki. Vyumba vyetu vilikuwa vya tofali za kuchoma bila plasta, na asubuhi baridi ilipenya kwenye nyufa kama maji. Tulipika uani kwa zamu, Bi Zuhura vitumbua vyake, sisi ugali wetu wa muhogo na dagaa wa mawese. Desi alikuwa na miezi mitano, mnene, mwenye mikunjo mapajani. Nikiingia chumbani ananitafuta kwa macho mpaka ananipata, halafu anatabasamu kwa ufizi mtupu. Nalitaja tabasamu hilo kwa sababu nililiona likiondoka.

Asubuhi moja aliamka, dada akamkalisha kwenye mkeka akiwa amemwegemeza kwenye mto. Akainamisha kichwa ghafla, mikono ikafunguka kando, kisha akanyooka. Baada ya kitambo akainama tena. Na tena. Bi Zuhura alikuwa mlangoni na sahani ya vitumbua. "Jamani mtazameni!" akasema huku akicheka. "Anatusalimu huyu. Waalaikumu salamu, baba!" Tulicheka wote. Mimi nilicheka mpaka nikashika tumbo. Siku zilizofuata akawa anasalimu kila anapoamka, mfululizo, na baada ya kila mara analia kilio kifupi cha mtu aliyeshtuliwa, na Bi Zuhura akaacha kuleta utani wake. Alikuja akachuchumaa mbele ya mtoto, akamtazama kwa muda mrefu, akainuka akarudi chumbani kwake. Juma lile lile niliingia chumbani nikasimama pale ninaposimama siku zote, na Desi hakunitafuta. Macho yalikuwa wazi, yameelekea dirishani, na mimi sikuwemo ndani yake.

Kwa kuwa ilimjia anapoamka, tuliogopa kuamka kwake. Sijui kama ninaweza kumweleza mtu ambaye hajaishi hivyo. Tulitembea peku ndani ya nyumba. Dada alizuia vifuniko vya sufuria kwa kitambaa visigongane. Jogoo wa jirani akiwika, yeye anafumba macho na kukaza taya, kama mtu anayesubiri kupigwa. Mama yeyote anangoja mtoto wake aamke acheke naye. Dada yangu alikuwa anakaa kando ya kitanda mchana kweupe akiomba mwanawe aendelee kulala. Kwenye kituo cha afya walisema kwanza ni mchango wa tumbo, wakatupa dawa ya maji. Tuliporudi wakasema ni kifafa, wakatupa vidonge vya kusaga. Akalala zaidi, lakini akiamka anainama vilevile. Neno hilo la kifafa lilitoka pale likafika mtaani kabla yetu. Wanawake waliokuwa wakimbeba Desi kwa zamu bombani wakaanza kuwa na mikono michafu, mara wana unga, mara wana sabuni. Wengine waliamini mate yake yanaambukiza. Bi Zuhura peke yake aliendelea kumpakata, ingawa nilimwona akisoma dua chini kwa chini kila alipomshika, midomo ikienda mbio.

Jumapili moja shemeji alitupeleka kwenye maombezi, kwenye kanisa la mabati pembeni ya mji. Hatukuwa waumini wa pale, lakini ukiwa na hofu unaingia mlango wowote uliofunguliwa. Mhubiri alimchukua Desi akiwa usingizini, akamlaza mikononi mwake mbele ya watu, spika zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho. Kelele zikamwamsha. Akaanza kuinama. Kichwa chini, mikono wazi. Kichwa chini, mikono wazi. Watu wakapiga vigelegele. "Anasujudu!" mhubiri akapaza sauti. "Mtoto anamsujudia Bwana!" Kina mama wakaruka, ngoma zikapanda, na katikati ya furaha ile mtoto alikuwa analia kile kilio chake kifupi ambacho hakuna aliyekisikia isipokuwa mimi na dada. Dada alipita katikati ya watu, akamtoa mikononi mwa yule mhubiri bila kuomba, akatoka nje kwenye jua. Nilimkuta nyuma ya kanisa. "Nasta," akaniambia, "wanashangilia. Umewasikia? Wanashangilia." Nimeogopa mambo mengi maishani, lakini vigelegele vile bado vinanishtua kwenye harusi za watu.

Muda si mrefu baadaye nilikwenda Kitahana kwa mama kuchukua unga wa muhogo. Nilikuwa nyuma ya jiko namenya muhogo, na mama alikuwa ndani na shangazi, wakizungumza Kiha kwa sauti ya chini. Nilimsikia mama akisema, "Ni kama Yohana. Anainama hivyohivyo. Mama yetu alikuwa anambana mgongoni kwa kitenge akidhani atanyooka, akawa anainama naye." Shangazi akauliza, "Na Mikaeli?" "Mikaeli tulimzika kabla hatujavuka mpaka." Niliogopa hata kuangusha ganda la muhogo. Sikuwahi kujua kwamba mama alikuwa na kaka. Nilidhani mambo ya ng'ambo ya mpaka, alikozaliwa mama, hayasemwi kwa sababu ya vita. Kumbe palikuwa na jingine, na mama alikuwa amelibeba tangu usichana akitumaini limebaki kule. Nilipoingia jikoni wakaanza kuongelea mvua. Usiri ule haukuniudhi. Kilichonitawala ni ubaridi, kuanzia utosini hadi tumboni, mahali ambapo mtoto wangu alikuwa ameanza kuchezacheza kama samaki mdogo.

Bi Zuhura ndiye aliyetuambia twende mbali. Alikuwa na ndugu Mwanza, akawapigia simu watupokee. Tulisafiri mimi, dada na Desi, basi kutwa nzima, na kwenye hospitali kubwa ya rufaa tukaonwa na daktari wa watoto, mwanamke kijana mwenye sauti ya pole ambaye alimvua Desi nguo zote akamkagua kama anayetafuta mwiba. Walimbandika nyaya kichwani kupima umeme wa ubongo. Mistari ilitoka imevurugika, mirefu na mifupi bila mpango, na daktari aliipitia mmoja mmoja. Kisha alivuta kiti akakaa karibu nasi. "Ubongo una chembe za kuchochea na chembe za kuzuia," akasema. "Za kuchochea zinapeleka ujumbe. Za kuzuia kazi yake ni kusema basi, imetosha. Hizi za kuzuia zikiwa pungufu, zile nyingine zinafyatuka zote kwa pamoja. Ndiyo hiyo mnayoiona anapoamka. Hata madaktari wa zamani wa Ulaya waliiita degedege ya salamu." Dada akauliza, "Kwa nini zimepungua?" Daktari akaeleza kwamba chembe za kuzuia hazizaliwi mahali zitakapofanyia kazi. Mtoto akiwa bado tumboni, zinazaliwa chini ndani ya ubongo, halafu zinasafiri mpaka kwenye ganda lake la juu. Ipo jeni inayoziongoza, inayozipa sura na kuzielekeza njia. "Nahisi kwa Desi jeni hiyo ina hitilafu," akasema. "Nyingine hazikukomaa, nyingine hazikufika."

"Ni kitu nilichokula?" dada akauliza. "Hapana." "Nilichofanya?" "Hapana, mama. Hukufanya chochote." Dada alianza kulia hapo, polepole, kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze, na nadhani alilia kwa nafuu. Lakini daktari hakuwa amemaliza. Alisema jeni ile iko kwenye kromosomu ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume anayo moja. Mwanamke akiwa na moja yenye hitilafu, ile nzima humlinda, anaweza kuzeeka bila kujua. Mtoto wa kiume hana ya akiba. "Upande wa mama yenu," akauliza, "kuna wavulana waliokuwa hivi?" Dada akasema hakuna. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Wapo. Wajomba wawili." Dada akanigeukia. "Wajomba gani, Nasta?" Nikamweleza nilichokisikia nyuma ya jiko, maneno machache tu, na nilipomaliza daktari hakuwa akimtazama dada tena. Alikuwa ananitazama mimi, kisha gauni langu lililoanza kubana kiunoni. "Una miezi mingapi?" akaniuliza kwa upole. Upole ule ndio ulionimaliza. Wakatutoa damu wote watatu, ikapelekwa nje ya nchi, na tukaambiwa tusubiri.

Desi alipewa vidonge vingine, ambavyo huvimbisha uso. Mashavu yake yakawa makubwa, yakang'aa, shingo ikapotea, na akawa na njaa isiyoisha. Lakini kuinama kukakoma. Asubuhi ya kwanza aliamka akatulia tu, nasi tuliogopa kuitaja nafuu ile tusije tukaiharibu. Juma lililofuata alitabasamu. Bi Zuhura alichinja kuku. Tulikula wali uani, na shemeji Gervas, mtu asiyeongea, aliimba wimbo wa kwao huku akimrusha mwanawe juu, nami nikamwona dada mrembo kama siku ya harusi yake. Vidonge vile havitumiwi muda mrefu. Vilipopunguzwa, ikarudi. Nilikuwa nachambua maharage, nikasikia kilio kile kifupi chumbani, halafu kimya, halafu tena. Dada hakukimbia. Alimaliza kufunga mlango wa banda la kuku, akaingia ndani akitembea kama mtu anayerudi kazini. Tangu siku ile sikumwona tena akiomba Desi alale. Alimwamsha mwenyewe, akamshika, akaimaliza naye. Woga wake ulikuwa umekwisha, au umegeuka kitu kingine. Wangu ndio kwanza ulikuwa unaota mizizi.

Majibu yalitukuta baridi imeshika, mimba yangu ikiwa nzito. Daktari alipita Kasulu kwenye ziara ya kazi, akaja mwenyewe uani kwa Bi Zuhura, akaketi kwenye kigoda. Mama alikuwa amekuja kutoka Kitahana. "Desi anayo," daktari akasema. "Mama Desi anaibeba. Na wewe Nasta pia." Nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimelikariri kwa miezi. Akajibu bila kuzunguka kwamba mtoto akiwa wa kiume, inaweza kuwa ndiyo na inaweza kuwa hapana, kwa uzito sawa. Wangeweza kumpima akizaliwa, lakini hata wakijua, hakukuwa na dawa ya kuizuia isije. Ningeangalia tu, miezi ya kwanza yote, hasa anapoamka. Mwishoni mama aliuliza kwa Kiswahili chake kizito, "Hizo chembe, zilipotea njiani?" Daktari akasema tunaweza kusema hivyo. "Yohana tulimbeba mpaka huku," mama akasema. "Akafa tumefika." Kisha akatutazama sisi wawili. "Ni mimi nimewapa." Dada alimshika mkono. "Oya, mama," akamjibu kwa Kiha, "hapana. Na wewe ulipewa."

Elia alikuja kunichukua turudi Kumsenga. Nilimwambia kila kitu tukiwa chumbani, mgongo wangu umeelekea ukuta, nikamwambia pia kwamba akitaka kuniacha aniache sasa, kabla sijazaa. Nilidhani anatafuta maneno ya kuniacha. "Tumpime akizaliwa?" akauliza. Nikasema sitaki. "Basi," akasema, "tutamwangalia." Nilijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye kelele, tukamwita Filbert. Mama mkwe alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, akasimama mlangoni. Habari zilikuwa zimemfikia. "Mama, mpakate," Elia akamwambia. Akajibu, "Nitampakata akikua." Elia hakubishana na mama yake. Alimchukua mtoto, akampakata yeye mwenyewe mbele ya macho ya bibi yake, akala naye mapajani, akapokea wageni naye mapajani, kutwa nzima, mpaka mama yake alipoaga. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya ndoa. Hata hivyo, mapenzi hayakuniletea usingizi. Filbert akijinyoosha, moyo wangu unasimama. Akishtuka kama watoto wote wanavyoshtuka, nahesabu kama atashtuka tena. Sikumwimbia, sikumchezea, nilimkodolea macho. Nikakonda, maziwa yakapungua, na Elia akaanza kunikuta nimesimama juu ya kitanda cha mtoto nikiwa sijapika wala kuoga.

Filbert alipofika umri ambao Desi alianza kuinama, mvua za vuli zikiwa zimekolea, dada Evodia aliteremka kwenye lori la maharage mbele ya nyumba yetu Kumsenga, Desi mgongoni na kifurushi mkononi. Hakuna aliyekuwa amemwita. Alimlaza Desi kwenye mkeka, akamtazama Filbert, akanitazama mimi. "Tangu lini hujalala?" Nikasema ninalala. "Nenda kalale, Nasta. Mimi ninaijua. Ikija, nitaiona kabla yako." Nilitaka kukataa. Niliogopa pia, niseme ukweli, kuona watoto wale wawili kwenye mkeka mmoja, mmoja akiwa kama kesho ya mwenzake. Lakini alinisukuma chumbani, akavuta pazia, nikalala kama jiwe lililotupwa majini. Alikaa kwetu majuma kadhaa. Kila Filbert alipoamka, dada alikuwa pale, Desi wake pajani, macho yake yakiwa juu ya mwanangu. Sijui ilimgharimu nini kumtazama mtoto wa mwingine saa zile, akingoja kuona kama atakuwa kama wake. Sikumuuliza wakati ule, na juzi tulipoketi kitandani kwa Desi sikumuuliza pia.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa nilikuwa nakoroga uji barazani. Dada alikuwa ndani ya mlango anamvalisha Desi. Filbert alikuwa ameamka punde, ameketi kwenye mkeka pale barazani akiegemea mto. Akainama. Kichwa kikashuka ghafla, mikono ikafunguka kando. Akanyooka. Akainama tena. Mwiko ulinitoka mkononi. Nilijua tu kwamba naona kile kile nilichokiona kwa Bi Zuhura, na kwamba mwaka mzima nilikuwa nakisubiri na sasa kimefika. Akainama mara ya tatu. Dada alikuwa amekwisha kupita mbele yangu. Alipiga magoti, akaweka uso wake karibu kabisa na wa Filbert, chini kwenye mkeka, akamtazama machoni. Alibaki hivyo. Kisha akainua kitu kwa vidole viwili. "Nasta," akasema, "ni kumbikumbi." Walikuwa wamejaa mkekani, wamedondosha mabawa, wanatambaa, na mwanangu alikuwa anawafukuza kwa mikono yake yote miwili, anawakosa, anajaribu tena. Akamtazama dada usoni, akamcheka kwa ufizi mtupu.

Dada naye alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akamkumbatia Filbert, akamzungusha huku na huku, na katikati ya kile kicheko sauti yake ikakatika, akauficha uso kwenye shingo ya mtoto. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Tuliendelea kumwangalia Filbert mpaka akasimama, mpaka akatembea, na haikuja kamwe. Lakini asubuhi ile hatukuyajua hayo. Ndani ya mlango Desi alikuwa amebaki peke yake, nusu amevaa shati, na nikasikia kilio chake kifupi. Mwaka mzima nilikuwa nampisha dada inapoanza. Nikishika nguo, nikitafuta maji, nikifanya lolote la kuniondoa pale. Safari hii dada alikuwa na mikono iliyojaa. Nikaingia, nikapiga magoti, nikamchukua Desi nikamweka kifuani pangu. Alikuwa mzito, wa moto. Akainama, mikono ikafunguka, nikainama naye. Akanyooka, nikanyooka naye. Sikumwachia. Ilipokwisha alilegea akaniegemea, nikamfuta udenda kwa kiganja changu, nikamwambia sikioni, "Nipo, baba. Mama mdogo yupo."